Theluji ya Kukaa

Kuikkaniemi, 5 Oktoba 1969

Mama mpenzi,

Leo asubuhi imeanguka theluji ya kwanza. Nilipofungua macho dari ya chumba changu ilikuwa inang'aa kwa mwanga wa kutoka chini, nikajua hata kabla sijafika dirishani. Nimezunguka nyumba pekupeku kama tunavyofanya kila mwaka, mzunguko mmoja wangu na mmoja wako. Baba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Akasema, "Ukishikwa na mafua usinililie." Halafu akavua mabuti, akavua na soksi, akakanyaga hatua mbili tatu kama jogoo kwenye maji, akarudi ndani.

Kufika saa sita ilikuwa imekwisha, imebaki kidogo tu kwenye kivuli cha zizi. Baba kasema, "Hiyo haikuwa theluji. Ilipita tu kuangalia kama tupo."

Najua ya leo haihesabiki. Ulisema pale kituo cha basi mwezi wa Mei, "Theluji ya kukaa ikifika, nitakuwa nyumbani." Nilitaka kukujibu, lakini unanijua. Maneno yalinijia wakati basi limeshapita jukwaa la madebe ya maziwa, nikabaki nayo. Mwalimu wa fasihi anasema mdomoni mimi ni bubu na kwenye karatasi ni mhubiri. Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, ila moyoni.

Mansikki anatoa maziwa kidogo. Nadhani anakutafuta. Ninapomkamua ananigeukia, ananitazama, kisha anapumua kwa kukata tamaa.

Binti yako,
Kaisu


Borås, 13 Oktoba 1969

Kaisu wangu,

Barua yako nimeisoma kiwandani wakati wa kahawa. Nilimsomea Raili wa jirani yetu Mama Tyyne ile ya baba yako kuvua soksi, akacheka mpaka akamwaga kahawa kwenye mashuka. "Mzee Oiva pekupeku!" Basi mpaka jioni kila akinipita kwenye mashine anatembea kama jogoo.

Hapa ni mvua tu, siku zote mvua. Watu wa Sweden wa huku kusini wanaiita vuli, mimi naiita nguo zisizokauka. Kazi si mbaya. Napinda mashuka pembeni, moja baada ya jingine, meupe yote. Kelele za mashine ni kubwa hivi kwamba tunaongea kwa kupiga mayowe, wanawake thelathini kwa pamoja. Chumbani kwetu, mimi na Raili, kuna bomba la maji ya moto. Siku za kwanza nilikuwa nalifungua nayasikiliza tu, kama redio.

Mpe Mansikki mkate mkavu kabla ya kumkamua, na umwimbie. Hajali unaimba nini. Vaa sufu. Mwambie baba yako asikupikie viazi tu kila siku.

Mama


Kuikkaniemi, 26 Oktoba 1969

Mama,

Imefika!

Ilianza Ijumaa mchana tukiwa darasani, ile ndogondogo kavu kama unga, na usiku kukaganda. Jumamosi ikaongeza. Leo ni Jumapili na iko, imefika magotini, ukiikanyaga inalia kama ngozi mpya. Ardhi ilikuwa imeganda kabla yake, na Baba mwenyewe kasema ikikuta ardhi ngumu haiendi popote. Nilimwuliza mara mbili ili niwe na uhakika. Mara ya pili akasema, "Kwani mimi ndiye niliyeileta?"

Jana tulitoa mazulia. Nilidhani nitayafanya peke yangu, lakini Mama Tyyne alikuja na fimbo yake akiwa ameshakunja mikono ya sweta. Tuliyatandaza yote uani juu ya theluji, uso chini, tukayapiga. Alinitazama kidogo akasema, "We Kaisu, unapiga zulia au unampapasa paka? Lipige kama limekutukana! Mama yako akirudi akakuta vumbi, atapanda basi lilelile." Basi nilipiga mpaka mabega yakaniwaka moto. Tulipoyainua, kila zulia lilikuwa limeacha mahali pake mraba wa uchafu mweusi, miraba saba uani kama makaburi ya vumbi. Tukayasogeza kwenye theluji safi tukapiga tena, mpaka yakaacha alama nyeupe tupu.

Sasa yako sakafuni. Nyumba nzima inanukia baridi. Lile la mistari ya bluu, ulilolifuma kwa magauni yako ya zamani, nimeliweka upande wako wa kitanda.

Baba amepaka lami mbao zetu za kutelezea thelujini, zangu na zake. Nilipoingia kibandani nikakuta na zako pia ziko juu ya meza, zimepakwa, zinanukia. Sikumwuliza.

Basi funga mzigo, Mama. Raili atakusaidia kubeba mpaka stesheni. Niandikie tu siku, nitakungoja kituo cha basi na kigari cha kusukuma thelujini, utakaa wewe na mizigo nami nitasukuma.

Kaisu wako mwenye furaha


Borås, 3 Novemba 1969

Kaisu mpenzi,

Nimefurahi kusikia mazulia yamepigwa. Mwambie Mama Tyyne asante, na mwambie vumbi langu silikimbii.

Mwanangu, mambo huku hayaendi haraka kama unavyodhani. Msimamizi amesema watu hawatoshi na hawezi kumwachia mtu sasa. Na isitoshe, wewe si mtoto, theluji ya Oktoba unaijua. Mwaka ulioanza shule ilikaa wiki nzima, tukapiga mazulia, tukajisifu, halafu ikaja mvua ikaifagia yote na uani pakawa tope. Tulirudia kazi yote mwezi mmoja baadaye. Ardhi ngumu au si ngumu, hiyo itaondoka. Usiniandalie kitanda kwa theluji ambayo itaondoka.

Tusubiri kwanza tuone.

Mama


Kuikkaniemi, 10 Novemba 1969

Mama mpenzi,

Ulisema kweli. Imeondoka.

Ilianza kwa upepo wa kusini, ule wenye harufu ya nchi nyingine. Nilisikia matone yakianguka kutoka kwenye paa, kwanza moja moja, baadaye kama mtu anayemwaga njegere. Asubuhi uani palikuwa tope. Ile miraba myeusi ya mazulia iliyeyuka pamoja na theluji yake, vumbi letu lote likarudi ardhini. Mansikki alitoa kichwa nje ya zizi akanusa, akakirudisha. Kigari cha kusukuma kimesimama kwenye ukuta, miguu yake ya chuma iko ndani ya dimbwi.

Kwa hiyo hujachelewa. Nimeona nikuambie haraka usije ukawa unajisikia vibaya. Wewe ulikijua kitu ambacho hata Baba hakukijua.

Nitakuandikia mara tu ya kweli itakapofika.

Kaisu


Borås, 18 Novemba 1969

Kaisu wangu,

Si nilikwambia! Miaka yote niliyoishi pale kando ya ziwa haikupotea bure.

Basi na tungoje, wewe huko na mimi huku. Nimenunua koti jipya, la kahawia, lina kola inayosimama. Raili anasema nikilivaa nafanana na mke wa mchungaji aliyetoroka. Jumamosi ananiburuta kwenye ukumbi wa Wafini, wanapiga muziki wa kucheza na kahawa ni yetu ile nyepesi, si hii ya huku nyeusi kama lami. Sichezi, nakaa tu na kuwatazama. Wiki iliyopita nilicheza mara moja.

Unasoma? Usisome ukiwa umelala, macho yataharibika.

Raili anakusalimu. Anasema, yaani, anakusalimu tu.

Mama


Kuikkaniemi, 25 Novemba 1969

Mama mpenzi,

Bado hakuna. Ni mwaka wa ajabu. Wazee wanaotoka kanisani wanasimama kwenye ngazi na kutazama juu kama watu waliosahau namba ya nyumba. Ziwa ni jeusi na bado halijaganda, mawimbi yanapiga mawe. Baba amezitundika mbao za kutelezea ukutani na anasema zitapata buibui. Juzi niliona ua dogo la njano limechomoza nyuma ya sauna, mwishoni mwa Novemba! Nilitaka nikutumie ndani ya barua, lakini nikaona aibu kulikata.

Nimesoma kitabu kutoka kwenye sanduku la maktaba kuhusu nchi ambako watu huzaliwa, huoa na hufa bila kuiona theluji, na wanaishi vizuri tu, wana nyimbo zao na sikukuu zao. Huenda nasi tunakuwa hivyo. Nimeanza kuzoea.

Kwa hiyo usihangaike na huyo msimamizi. Hakuna siku iliyokupita. Ahadi yako iko vilevile ulivyoiacha.

Kaisu


Kuikkaniemi, 30 Novemba 1969

Lempi,

Ng'ombe ni mzima. Mimi pia.

Huwa Kaisu ananisomea barua zako mezani baada ya chakula. Ile ya mwisho alifika mahali akaruka, nikaona. Alipokwenda shule niliichukua juu ya rafu nikaisoma. Unamwambia "si nilikwambia". Sikuelewa ulimwambia nini, mpaka nilipoisoma na ile iliyotangulia.

Lempi, hakuna kilichoyeyuka. Theluji ilianguka siku ile ya Oktoba na haijaondoka hata siku moja. Imefika kwenye madirisha ya chini. Ziwa limeganda, nimeshapita juu yake na mkuki wa kupimia barafu mpaka ng'ambo. Asubuhi ni nyuzi ishirini na tano chini ya sufuri. Mtoto anaamka, anakuchimbia wewe njia ya kwenda zizini na koleo kama ulivyokuwa ukipenda, pana, halafu anakuja kukaa mezani na kukuandikia kwamba hakuna theluji. Barua naipeleka posta mimi mwenyewe kwa mbao za kutelezea.

Sijamwambia kwamba najua.

Sikuombi urudi. Ulipoondoka niliona ulivyokaa kwenye basi, ulikaa kama mtu aliyefika. Nakuomba jambo moja tu. Usimwache aishikilie theluji yote ile peke yake. Ana miaka kumi na sita.

Oiva


Borås, 7 Desemba 1969

Kaisu,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Raili amekaa kitandani kwake ananitazama, amesema hataniletea kahawa mpaka niimalize.

Najua theluji ipo. Baba yako ameniandikia, usimkasirikie. Lakini sitaki ufikiri kwamba ni yeye aliyenifumbua macho. Nilijua kabla. Wiki uliyoniandikia kwamba imeyeyuka, Raili alipata barua ya mama yake, akanijia mashineni akapiga mayowe juu ya kelele zile, "Mama Kaisu, kwetu wamezikwa! Mama anasema theluji imefika kiunoni!" Nikamwambia anyamaze. Nikaenda chooni nikakaa na barua yako ya tope na matone. Ilikuwa nzuri hivi kwamba niliyasikia matone. Halafu nikatoka nikakuandikia "si nilikwambia".

Ulinifungulia mlango nami nikapita. Ndivyo nilivyofanya.

Sirudi, mwanangu. Si majira haya ya baridi, wala, nadhani, yale yajayo. Nilipokuahidi kituoni niliamini. Nilijua utanitazama vile kama nisiposema kitu, na kile ndicho kilichonijia.

Baba yako hajawahi kunitendea ubaya, na hilo ndilo linalonishinda kulieleza. Hakunipiga, hakunywa, hakunitukana. Alinyamaza. Nami nikanyamaza pamoja naye, miaka, mpaka ikawa nikiongea na ng'ombe nashtuka kusikia sauti. Hapa jioni koo linaniuma kwa mayowe ya kutwa. Ninarudi chumbani, nameza mate, linauma, na ninapenda linavyouma. Hutanielewa. Natumaini hutakuwa na sababu ya kunielewa.

Njoo Krismasi. Kitanda cha Raili kitakuwa wazi, yeye anakuja huko kwa mama yake. Kuna maktaba hapa ya ghorofa mbili, nilipita mlangoni nikakufikiria. Njoo ubaki kama ukitaka.

Sikukukimbia wewe. Wewe ndiye pekee niliyetaka kukuchukua na sikujua nikuchukueje bila kumwacha yeye na nyumba tupu.

Mama


Kuikkaniemi, 14 Desemba 1969

Mama,

Barua yako ilifika Alhamisi. Nimemsomea Baba mezani, yote, sikuruka. Nilipofika pale pa kunyamaza nilisimama. Akasema, "Soma." Nikasoma. Nilipomaliza alivaa koti akachukua koleo akapanda juu ya paa la sauna kuondoa theluji. Alikuwa ameiondoa jana yake. Nilimwona kutoka dirishani akifagia mabati matupu.

Aliporudi alikaa, akasema, "Kuhusu kunyamaza hakukosea." Halafu, Mama, akaanza kuongea. Aliongea habari za kwato za Mansikki kwa nusu saa nzima! Kwato za mbele, kwato za nyuma, kwato za mama yake Mansikki. Hakuna kilichomsimamisha. Uso ulikuwa mwekundu. Nilitamani ungekuwepo usikie. Halafu nikakumbuka.

Nimekukasirikia. Si kwa kutorudi. Hilo sijui bado ni kitu gani, nikiligusa linanichoma, nimeliacha kwanza. Nimekukasirikia kwamba ulijua. Mimi nilikuwa nakulinda usiwe umevunja neno lako, na wewe ukaniona nakulinda, ukaniacha niendelee. Nilitafuta lile ua la njano kwa siku mbili kichwani mwangu. Nililipa rangi. Nilidhani nikiandika vizuri vya kutosha itakuwa kweli mpaka utakapofika.

Siji Krismasi. Mkesha tunapeleka mishumaa makaburini, na siwezi kumwacha Baba asimame mbele ya kaburi la Bibi peke yake, watu wote wa kijiji wakimtazama na kumhurumia. Atanyamaza tena. Nitakuja Juni, shule ikifungwa. Nitakuja kukaa na wewe na kuiona maktaba, kisha nitarudi kwa ajili ya masomo. Usiniahidi kitu kuhusu Juni. Niambie tu nishuke stesheni gani.

Sasa naweza kukupa habari, maana kwa wiki hizi zote sijakupa hata moja ya kweli. Theluji ilifika tarehe ishirini na nne Oktoba na haijapungua. Ziwa liliganda kwa ukimya, siku moja tu mawimbi hayakuwepo. Baba na mimi tumefungua njia ya mkato ya kwenda kanisani juu ya barafu, tumetoboa matundu na kusimika misonobari midogo pande zote mbili ili mtu asipotee upepo ukivuma. Yeye alitoboa, mimi nikashika miti mpaka maji yakaganda kwenye shina. Glavu zangu zilishikamana na mti mmoja, akaniambia, "Basi, wewe ubaki hapo mpaka Aprili." Nilicheka kwa sauti. Nilipofika nyumbani nikakuandikia kwamba mawimbi yanapiga mawe.

Mchana sasa ni mfupi, ni bluu tu kisha giza. Mama Tyyne anapita kila jioni kwa kisingizio cha kurudisha ungo. Jana alinishika shavu kwa mkono wake mkavu, akasema, "Haya, we mtoto," akaondoka na ungo uleule.

Leo inaanguka tena, ile kubwa laini isiyo na upepo. Nilitoka nikasimama uani mpaka mabega yakawa meupe. Ni nzuri sana, Mama. Sikuwa nimeliona hilo mwaka huu. Kila asubuhi nilikuwa naitazama kwa hasira kama mtu aliyekuja kunionyesha barua mbaya, nikiichimba ili iondoke machoni. Nayo haikuahidi chochote kwa mtu yeyote. Ilikuja tu, wakati wake ulipofika, ikakaa.

Nimeiambia karibu. Kwa sauti, peke yangu, pale uani. Ilikuwa imesimama nje tangu Oktoba ikingoja mtu wa nyumba hii aiambie hivyo.

Kaisu